Jiwe la Skelgarth: Ukuta Usio na Herufi

Bado yuko pale pale uani, msomaji wangu, kapu mkononi, shingo kaiinua, macho yamegandia juu ya mlango wa nyumba aliyozaliwa. Wiki nzima tumemwacha amesimama hivyo, na mvua ya bonde hili haina adabu ya kumsubiri mtu. Twende.

Jiwe hakuna.

Juzi asubuhi, Dinah Kearton alipotoka kwenda kwenye mnada mkubwa wa kondoo dume, lilikuwepo. Lilikaa juu ya mlango wa Skelgarth kwa miaka zaidi ya mia tatu na hamsini. Lilichongwa 1664, na juu ya tarakimu hizo herufi tatu: A ya ukoo wa Alderson kileleni, chini yake kushoto I ya Isaac, kulia M ya Mercy. Ndivyo wazee wa mabonde haya ya Yorkshire walivyotia saini nyumba zao. Ukoo juu, mume kushoto, mke kulia. Isaac na Mercy ndio babu na bibi wa mababu wa Dinah.

Leo ni saa tano asubuhi, Dinah amerudi, na Isaac hayupo, Mercy hayupo. Hata shimo hakuna! Kuna ukuta tu, mtupu, umenyamaza kama shahidi aliyehongwa.

"Dada!" Ni Verity huyo, mdogo wake, katoka jikoni na unga mpaka viwikoni. "Mbona umesimama kwenye baridi? Chai iko tayari. Kondoo wameuzika?"

"Vee, jiwe liko wapi?"

"Jiwe gani?"

"La juu ya mlango! Wewe umekaa humu siku mbili, umepita chini yake mara ngapi?"

Verity akainua macho. Akaweka mkono mdomoni, na unga ukabaki kwenye midomo yake. "Mungu wangu! Ni Kanali. Dada, huyu ni Kanali tu, nani mwingine?"

Kama unatusoma leo kwa mara ya kwanza, karibu, jambo lenyewe si gumu. Ardhi ya Skelgarth ni ya Kanali mmoja mwenye jina refu la kutegua ulimi, ndiyo maana sisi tunamwita Kanali basi. Ukoo wa Dinah ni wapangaji wa ukoo wake tangu enzi hizo za Isaac. Sasa Kanali anataka kuibomoa nyumba apitishe barabara ya malori ya machimbo. Kinachoweza kumzuia ni kitu kimoja: nyumba ikiandikwa kwenye orodha ya majengo ya kale, hakuna wa kuigusa, Kanali wala baba yake Kanali. Na saa sita mchana, leo hii, anakuja mkaguzi wa orodha hiyo, aone jiwe kwa macho yake, likiwa mahali pake.

Likiwa mahali pake! Wakili wa Kanali ameshaandika kwamba picha aliyotuma Dinah inaweza kuwa ya nyumba yoyote.

"Nampigia polisi," Dinah akasema.

"Mpigie! Na mimi nitasema nilisikia gari la Kanali juzi usiku." Verity akamshika dada yake bega. "Usilie, dada. Niko hapa."

Niko hapa, anasema. Lishike neno hilo, msomaji, tutalihitaji.

Dinah hakupiga simu. Aliburuta ngazi iliyokuwa imelazwa pembeni mwa zizi, akaiegemeza, akapanda. Huyu mwanamke ni binti wa fundi ukuta, mjukuu wa fundi ukuta. Ukimpa ukuta kuugusa atakwambia aliyeujenga alikuwa na hasira au alikuwa na njaa.

Akapitisha kidole. Mahali pa jiwe kulikuwa na uso laini wa rangi ile ile ya ukuta, chokaa iliyochanganywa na vumbi la jiwe. Ilikuwa bado na unyevu. Kandokando, viungo vilikuwa vimejazwa kwa utaratibu, vijiwe vidogo vimepangwa, vimekazwa, vimefutwa.

Dinah alishuka polepole kuliko alivyopanda.

"Mwizi haachi kazi safi hivi, Vee."

"Mwizi mwenye akili anaacha."

"Mwizi mwenye akili anatumia saruji, anakimbia. Hii ni chokaa. Na ndani ya chokaa kuna hii." Akafungua kiganja. Nywele mbili nyeupe, nene, ndefu kama kidole.

Verity akazitazama. "Nywele za mbwa."

"Mbwa wetu mweusi."

Naye Moss, mbwa mwenyewe, akatikisa mkia kusikia anatajwa. Dinah alikuwa ameshaondoka kuelekea zizini.

Humo zizini anakaa Duchess, farasi mdogo mweupe, mzee, mvivu, mlaji. Kazi yake pekee siku hizi ni kutoa nywele. Mafundi wengine wa bonde hili hutia kwenye chokaa nywele za ng'ombe au hawatii kitu. Mmoja tu ndiye anayetia nywele za mkia wa farasi, na kazi hiyo alifundishwa na baba yake Dinah mwenyewe, katika zizi hili hili, mwaka aliokuja kuposa.

Mkia wa Duchess ulikuwa umepunguzwa juzijuzi tu, umekatwa mstari mmoja, nadhifu kabisa.

"Amekula nini huyo leo?" Sauti ya mume ikatoka mlangoni. Jos Kearton kasimama pale, kofia mkononi, mabuti yana tope, sura ya mtu anayetoka malishoni. "Umerudi mapema, mke wangu. Nimeona jiwe limeibwa. Nilikuwa nakuja kukuambia. Siku hizi wezi wa mawe wametapakaa, wanauza kwa matajiri wa kusini."

"Jos."

"Naam."

"Umekata mkia wa Duchess."

Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, nao hawakuwa wakibahatisha. Jos alimtazama farasi, akatazama sakafu, akatazama mikono yake mwenyewe ambayo kwenye kucha kulikuwa bado na weupe wa chokaa. Angeweza kutumia saruji kidogo ya mfuko mmoja kati ya maelfu inayouzwa mjini, na siri ingefika kaburini. Lakini fundi wa kweli hawezi. Mkono wake ulikataa kufanya kazi mbovu hata siku ya kumuibia mkewe.

"Ndiyo," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo ni mimi."

Dinah akakaa juu ya debe la shayiri. Miaka thelathini na moja ya ndoa, jamani! Mtu umemfulia, umemuuguza homa ya mapafu, umemkata nywele kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

"Kwa nini?"

"Kanali amenipa kiwanja. Kule chini, ng'ambo ya daraja. Kikubwa. Masharti yake, mkaguzi asilikute jiwe." Jos aliyasema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Nitajenga nyumba ndogo, Dinah. Sakafu yenye joto. Madirisha ya vioo viwili. Magoti yangu yamekwisha, wewe mwenyewe unayasikia yanavyolia usiku. Hapa tunalala na soksi mbili hata mwezi wa sita, kiangazi chenyewe!"

"Nyumba ya nani?"

"Ya nani tena? Ni kwa ajili yetu."

Aliyasema hayo anautazama mkia wa farasi.

Dinah akashusha pumzi. Na hapa, msomaji, nitakuudhi, kwa sababu mimi mwenyewe liliniudhi: moyo wake ukalainika. Kweli magoti ya Jos yalikuwa mabovu. Kweli nyumba ilikuwa baridi. Mwanamke akaanza kumtafutia mumewe udhuru, kama tunavyowatafutia wote tunaowapenda, mpaka siku ya kujuta.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi. Wewe na nyumba yako." Akavaa kofia. "Ulikuwa hivyo hivyo siku ya ghala."

"Ghala gani?"

Jos akamwangalia. Uso wake ulibadilika, ukawa mgumu. "Hata hukumbuki," akasema. Alitaka kuendelea, lakini nje kulilia honi ndogo, ya heshima, pii, mara moja tu.

Mkaguzi! Na saa sita haijafika.

Bi Ormerod alikuwa mwanamke mfupi, mabuti ya mpira, kofia ya manyoya, daftari limefungwa kwa ugwe. "Samahani sana kwa kuwahi," akasema. "Mawingu yamenitisha."

"Ndiyo, yamejikusanya," akasema Dinah.

"Lakini jana kulikuwa kuzuri."

"Jana kulikuwa kuzuri sana."

Watu hawa! Nimeishi nao miaka kumi na tisa, nami nakuapia, nyumba ikishika moto watazungumza kwanza habari za mvua, ndipo watafute ndoo. Verity akaleta chai na keki ya matunda na kipande cha jibini juu yake, mkono haumtetemeki hata kidogo. Jos akakaa pembeni ya meko, anajifunga kamba za mabuti zilizokuwa zimeshafungwa.

Bi Ormerod hakukaa. Alizunguka jikoni kikombe mkononi, na macho yake yalikula kila kitu. Akashika boriti nene ya mwaloni iliyobeba dohani. Akainama kwenye kidirisha kidogo kando ya meko, kile walichowekewa bibi wa zamani waone wanachopika. Akatia kidole kwenye kishimo cha ukutani cha kuwekea chumvi ikae kavu. Akapanda vipandio vitatu vya ngazi ya mawe ya kuzunguka, akashuka, uso umewaka.

"Bi Kearton, nyumba njema si mlango, eh? Kwa nje wamekuharibia, madirisha ya juzi, lipu ya juzi. Ndani humu ni mfalme."

"Basi unaiandika?" Dinah akauliza.

"Wakili wa Kanali anasema boriti na meko vinaweza kuwa vimenunuliwa kwenye magofu, vikaletwa. Ameshinda kesi mbili kwa maneno hayo hayo. Jiwe la tarehe likiwa kwenye kitanda chake cha zamani, yaani pale pale lilipolazwa ukutani, hawezi kulipinga. Nikilipata, naandika leo. Nisipolipata, kesho saa tatu ofisi inafunga jalada." Akaweka kikombe. "Haya, nionyeshe jiwe lako."

Moto ukapasua kuni moja.

Dinah alimtazama mumewe. Neno moja tu lilihitajika: *ni yeye*. Akilisema, Jos anafikishwa mahakamani, na bonde zima litajua kabla ya ibada ya Jumapili. Asipolisema, nyumba imekwenda.

Unajua alisema nini?

"Limetolewa kidogo, Bi Ormerod. Kusafishwa. Liko mahali salama." Akamgeukia Jos, na sauti yake ilikuwa ya kubembeleza. "Si ndiyo, mume wangu? Mwambie liko wapi, ulirudishe."

Alimjengea daraja, jamani. Amevunjiwa nyumba, naye anamjengea daraja apite bila aibu. Alichotakiwa Jos ni kutia mguu.

Jos akainua kichwa. "Mimi sijui habari za jiwe," akasema. "Sidhani kama kulikuwa na jiwe pale. Labda la baba yake, zamani. Mke wangu amekuwa na mawazo mengi mwaka huu."

"Kweli," Verity akadakia, taratibu, kwa huruma. "Dada hajalala vizuri tangu msimu wa kuzalisha kondoo. Nilimwambia asikusumbue, Bi Ormerod."

Dinah akageuka kumtazama mdogo wake. Mdogo wake aliyempokea mwezi wa tatu na masanduku mawili, ndoa imemvunjikia mjini, akampa chumba cha juu chenye jua. Saa moja iliyopita alikuwa tayari kuwaapia polisi kwamba kasikia gari la Kanali!

"Vee? Wewe umeliona hilo jiwe maisha yako yote."

"Dada, tusibishane mbele ya mgeni."

Bi Ormerod akafunga daftari. Alivuta ugwe wake polepole sana. "Naomba nione ukuta, hata hivyo," akasema. "Nimeshavaa mabuti."

Wakatoka wote wanne. Na hapo ndipo mawingu yaliyomtisha Bi Ormerod yalipofunguka.

Haikuwa manyunyu. Ilikuja ile mvua ya kulala, inayosukumwa na upepo kutoka mlimani, inayoupiga ukuta usoni. Watu wa hapa huilaani kila siku. Siku hiyo Dinah angepaswa kuibusu.

Bi Ormerod alisimama anatazama juu, maji yanamdondoka kofiani. "Kazi nzuri," akasema kwa sauti. "Fundi nani huyu?"

Jos alikuwa ameona kabla ya wengine. Chokaa, msomaji wangu, si saruji. Chokaa inataka siku na siku kukauka, na ukiipiga na mvua kabla haijashika, inarudi kuwa maziwa. Mstari mweupe ulianza kuteremka ukutani, ukafika kwenye linta ya mlango, ukadondoka kwenye kizingiti: to, to, to.

"Kumbe liko pale pale!" Dinah akapiga kelele. "Hajalitoa! Amelifunika tu! Jos, wee mwanaharamu, hukuweza kulitupa!" Akacheka, akalia, akamshika mkaguzi mkono. "Tazama, Bi Ormerod, subiri uone A ya Alderson inatoka!"

Ikatoka herufi. Juu, kileleni, mahali pa ukoo.

Ilikuwa K.

Dinah akapangusa macho. K. Imechongwa upya, kingo zake kali, wala haijapata kuvu. Maziwa yakazidi kushuka. Kushoto, upande wa mume, ikajitokeza J. Mahali pa mwaka palikuwa wazi, panangoja.

K ya Kearton, J ya Josiah, jina kamili la Jos. Basi amelitoa kweli, amechonga mgongoni mwake, kisha akaligeuza, akalirudisha shimoni uso wa kale ukiwa ndani. Dinah akawaza: *ni kwa ajili yetu, alisema. Jiwe la nyumba mpya. Herufi zangu na zake.* Na nakwambia, hata wakati ule, hata baada ya yote, upo upande wa moyo wake uliongoja kuona D.

Ukashuka mchirizi wa mwisho.

V.

Kikombe kikavunjika. Kilikuwa mkononi mwa Verity.

Hapakuwa na mtu aliyehitaji kuelezwa. Ukoo juu, mume kushoto, mke kulia; mtoto wa chekechea wa bonde hili angelisoma. Sakafu yenye joto, madirisha ya vioo viwili, ng'ambo ya daraja, na Verity ndani yake.

"Tangu lini?" Dinah akauliza. Hakuwa anajua anamuuliza nani.

"Dada, nilitaka kukuambia..."

"Usiniite dada. Nimekupa chumba chenye jua."

"Ulimchoka!" Verity akalia. "Wewe unaipenda hii nyumba, yeye ulimweka kama mtumwa wa kuta zako! Mtu anataka kupendwa, Dinah!"

"Na wewe ukaona umpende kwenye jiwe la mababu zetu?"

Bi Ormerod akakohoa. Alikuwa amelowa mpaka kwenye mifupa, na wakati wote huo alikuwa amelitazama jiwe. "Nisamehe," akasema, "sina haki ya kuuliza mambo ya ndoa. Nauliza la ukuta. Bwana Kearton, kwa nini uliligeuza? Kwa nini hukulificha ghalani tu?"

Jos alijibu bila kujitambua, kama mtu anayeulizwa jina lake. "Jiwe ukishalinyanyua, huliweki chini mpaka ulipatie kazi. Ndivyo tunavyofundishwa. Lori linakuja kesho kulichukua. Siwezi kuacha shimo kwenye ukuta siku mbili."

"Kwa hiyo uso wa 1664 uko ndani, kwenye kitanda chake."

"Uko."

"Basi litoe niuone. Nikiuona, nyumba imeandikwa, na hakuna Kanali." Akafungua daftari. "Bi Kearton, nyumba yako inaweza kupona leo."

Dinah alishaikimbilia ngazi. Akachukua nyundo ya baba yake na tindo kutoka dirishani, akapanda vipago viwili.

"Usiguse!" Jos akapaza sauti, na safari hii hofu yake ilikuwa ya kweli. "Dinah, shuka! Jiwe refu la juu yake, linaloshika pande mbili za ukuta, nimelilegeza ili hili lizunguke. Linasimama kwa kabari ya mwaloni. Ukigonga pasipo pake, uso mzima wa nyumba unashuka na wewe chini yake."

Mvua ilikuwa imeshaifunua nayo. Kipande cha mti, upana wa kiganja, kimechomoza chini ya jiwe la juu, na tani za ukuta wa Isaac na Mercy zimekikalia.

"Mpangilio wa kulitoa naujua mimi peke yangu," akasema Jos.

Dinah akashuka. Hebu fikiria, msomaji! Mkono uliomuibia ndio mkono pekee unaoweza kumrudishia. Akamnyooshea Jos nyundo kwa upande wa mpini.

"Panda basi," akasema. "Ukimaliza, chukua nguo zako, chukua na huyu, muende mkakae kwenye sakafu yenu ya joto. Mimi niachieni baridi yangu."

Jos hakuipokea. Alikuwa amesimama wima, bila kofia, chokaa imemdondokea usoni kutoka ukutani.

"Nitapanda," akasema. "Ila kwanza unijibu mbele ya hawa. Mwaka wa tatu wa ndoa yetu nilijenga ghala lile pale. Miezi minane, peke yangu. Nilichonga jiwe, K na J na D, nikakuita uje uone kabla sijaliweka. Baba yako akasema, hakuna Kearton kwenye ukuta wa Alderson. Nikakutazama wewe. Nilijua utanitetea. Ukacheka. Jiwe lile nililivunja mwenyewe, usiku huo huo, na tangu siku hiyo nimetengeneza kuta za watu. Miaka ishirini na minane, Dinah. Niambie ulicheka nini, nami nitaligeuza."

Dinah akatafuta kichwani. Ghala. Jua la mwezi wa tisa. Baba amenuna. Jos amesimama na jiwe lake, amekakamaa kama askofu, na...

Akakumbuka.

Pua! Alikuwa na donge la chokaa kwenye ncha ya pua, jeupe, kubwa, na nyuki alikuwa analizunguka, naye hajui, amekaza uso kama anakula kiapo. Hakumsikia hata baba alichosema. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na alikuwa anampenda yule mtu mpaka anaumwa, na alicheka kwa sababu ya furaha tu. Hakuna zaidi. Jiwe lile angelikubali liwekwe popote, hata juu ya kitanda.

Alitaka kumwambia. Mungu ni shahidi, alifungua mdomo amwambie, kwani neno hilo moja lingeirudisha nyumba, na pengine zaidi ya nyumba. Akainua macho amtazame mumewe vizuri.

Na pale, kwenye ncha ya pua ya Jos Kearton, mvua ilikuwa imedondosha donge la chokaa.

Kicheko kikamtoka. Alijiziba mdomo kwa mkono mmoja, machozi yanamtiririka, mabega yanatikisika, anatikisa kichwa, hapana, hapana, subiri, lakini kicheko kilikuwa kimeshamtoka, kile kile, cha miaka ishirini na minane iliyopita.

Jos alikisikiliza mpaka mwisho.

Alichukua nyundo kutoka mkononi mwa mkewe, akapanda ngazi kipago kwa kipago, magoti yanalia. Hakugusa jiwe. Alifunga vidole vyake kwenye kabari ya mwaloni, akaitikisa mara moja kushoto, mara moja kulia, namna fundi anavyofanya kabla ya kuichomoa.

"Jos!" Bi Ormerod akapiga kelele, anarudi nyuma. "Bwana Kearton, huko siko!"

Kokoto moja ikadondoka kutoka juu, ikagonga kizingiti. Dinah alikuwa amesimama chini ya mlango, bado anajaribu kupata pumzi ya kusema neno *pua*.